Mjumbe Hauawi, Lakini Je, Halipi?

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki hii.)



Miaka mingi iliyopita, mtaani kwetu alikuwapo mama ntilie mmoja aliyekuwa akiuza chai, maandazi na maharage pembeni mwa barabara. Asubuhi moja gari kubwa lilipinda kona kwa kasi, likapanda ukingo wa barabara na kukumba kibanda chake. Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyekufa. Lakini jiko lilipinduka, karai la mafuta ya moto likamwagika, na yule mama akaungua mguu kuanzia gotini hadi kwenye kifundo. Meza, mabenchi, masufuria na unga wa siku nzima, vyote vikawa takataka.

Tulikusanyika pale kama ilivyo kawaida yetu. Wengine walimbeba mama kumpeleka hospitali, wengine wakalizunguka gari. Dereva alishusha kioo, akatoa kitambulisho, akakionyesha bila kusema neno. Askari wa usalama barabarani alipofika alitazama kwanza namba za gari. Zilikuwa namba za ubalozi. Akaandika kwenye daftari lake, akapiga saluti, na gari likaondoka. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Afande, mbona unamwachia?" Askari akajibu, "Huyu ana kinga."

Neno lile lilinikaa moyoni. Kinga. Sisi tunaijua kinga ya ndui na kinga ya mvua. Hii kinga ya kukumba kibanda cha mtu na kwenda zako ilitoka wapi? Ndilo swali ninalotaka tulizungumze leo, kwa sababu halimhusu dereva wa ubalozi peke yake. Linamhusu balozi mwenyewe, waziri wa nchi za nje, na rais anayetua uwanja wa ndege akipokewa kwa ngoma na gwaride huku nyuma yake kuna hati ya kukamatwa.

Tuanze nyumbani. Wazee wetu walisema, "Mjumbe hauawi." Hawakusema hivyo kwa sababu mjumbe ni mtu mwema kuliko wengine. Mara nyingi mjumbe alileta habari mbaya: ulipaji wa fidia, madai ya mipaka, hata tangazo la vita. Walisema hivyo kwa sababu walijua kwamba ukimwua wa kwao leo, kesho wa kwako hatarudi. Na wajumbe wakiisha, maneno yameisha. Maneno yakiisha, inabaki mikuki.

Historia inatuonyesha gharama ya kulisahau jambo hili. Mwaka 1218 mtawala wa Khwarezm, dola kubwa ya Asia ya Kati wakati ule, alimwua mjumbe wa Genghis Khan na kuwanyoa ndevu wenzake. Miaka michache baadaye Wamongoli walikuwa wameisambaratisha dola ile na miji yake mashuhuri kama Bukhara na Samarkand ilikuwa imetekwa.

Kanuni hiyo ya zamani imeandikwa siku hizi katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ambao karibu nchi zote za dunia zimeukubali. Mkataba unasema mwanadiplomasia hakamatwi wala hafungwi. Hawezi kushitakiwa kwa jinai katika nchi aliyotumwa. Ofisi ya ubalozi haiingiwi na polisi bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi. Mfuko wa barua za kibalozi haufunguliwi. Na familia anayoishi nayo mwanadiplomasia, kama si raia wa nchi ile, nayo inafunikwa na mwavuli huohuo.

Lakini, ndugu msikilizaji, kuna maneno mengine katika mkataba huohuo ambayo watu wengi hawayasikii, na baadhi ya wenye kinga wangependa tusiyasikie. Mkataba unasema kwamba lengo la kinga si kumnufaisha mtu binafsi, bali ni kuiwezesha ofisi ya ubalozi kufanya kazi yake. Unasema kwamba wenye kinga wana wajibu wa kuheshimu sheria za nchi waliyomo. Na unasema kwamba kinga ni mali ya nchi iliyomtuma, ambayo inaweza kuivua wakati wowote. Kwa hiyo mwanadiplomasia ni kama askari aliyeazimwa koti la serikali: koti likitakiwa, analirudisha.

Hebu tutazame jinsi kinga hii inavyoweza kuuma. Tarehe 17 Aprili 1984 wapinzani wa Kanali Gaddafi waliandamana mbele ya ubalozi wa Libya mjini London. Risasi zilifyatuliwa kutoka dirishani mwa jengo la ubalozi. Askari polisi wa kike aliyekuwa kazini pale, Yvonne Fletcher, mwenye umri wa miaka 25, akapigwa na kufa. Polisi walilizingira jengo siku 11. Walijua kwamba muuaji alikuwa ndani, lakini mlango hawakuuvunja. Mwishoni Uingereza ilivunja uhusiano na Libya, na waliokuwa ndani wakasindikizwa hadi uwanja wa ndege, wakapanda ndege na kwenda kwao. Mwaka 1999 Libya ilikubali kubeba dhamana ya kifo kile na kulipa fidia kwa familia. Lakini hakuna mtu aliyepata kuhukumiwa na mahakama ya jinai kwa mauaji yale.

Kwa nini Uingereza, nchi yenye nguvu, ilivumilia? Kwa sababu ilikuwa na watu wake Tripoli. Kama ingevunja mlango wa London, nani angewalinda wale wa Tripoli? Miaka mitano tu kabla yake, mwezi wa Novemba 1979, ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulivamiwa, na Wamarekani 52 wakashikiliwa kwa siku 444. Dunia ilikuwa bado inakumbuka.

Mwaka huohuo wa 1984, mwezi wa Julai, London iliona kisa kingine. Umaru Dikko, aliyekuwa waziri wa Nigeria kabla ya jeshi kutwaa madaraka, alitekwa nyara mchana kweupe mbele ya nyumba yake. Maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Stansted walipatwa na wasiwasi juu ya makasha makubwa yaliyokuwa yakipelekwa Lagos. Waliokuwa nayo walidai ni mizigo ya kibalozi. Lakini makasha hayakuwa na alama na hati zinazotakiwa na sheria. Yakafunguliwa. Ndani ya moja alikutwa Bwana Dikko, amelewa dawa ya usingizi, na daktari wa kumlinda asife njiani. Basi uone mwenyewe: kanuni ileile iliyofanywa ili barua za balozi zisisomwe, watu walitaka kuitumia kusafirishia binadamu kama mzigo wa chumvi.

Je, nchi mwenyeji haina la kufanya? Inalo. Kwanza, inaweza kumtangaza mhusika kuwa mtu asiyetakiwa, naye akafunga virago. Haihitaji hata kutoa sababu. Pili, inaweza kuiomba nchi yake imvue kinga. Watu hudhani hilo halitokei. Limetokea. Mwezi wa Januari 1997 mwanadiplomasia wa Georgia, ile nchi ya uliokuwa Muungano wa Kisovieti, aliendesha gari mjini Washington akiwa amelewa na kusababisha ajali iliyomwua msichana wa miaka 16. Rais wa Georgia wakati ule, Eduard Shevardnadze, alikubali avuliwe kinga. Mwanadiplomasia yule alisimama mbele ya hakimu kama mtu mwingine yeyote, akakiri kosa na kufungwa. Georgia ilikuwa nchi ndogo na changa, lakini siku ile ilijipatia heshima ambayo sherehe mia za kibalozi zisingeinunua.

Hayo ni ya mabalozi. Sasa tupande ngazi, tuje kwa wakubwa wenyewe.

Rais, waziri mkuu na waziri wa nchi za nje, wakiwa madarakani, wana kinga mbele ya mahakama za nchi nyingine. Jambo hili liliwekwa wazi na kesi ya majirani zetu wa Kongo. Mwezi wa Aprili 2000 hakimu wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia, waziri wa nchi za nje wa Kongo, kwa hotuba alizotoa mwaka 1998 ambazo zilidaiwa kuchochea mauaji ya Watutsi. Kongo ikaipeleka Ubelgiji mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Tarehe 14 Februari 2002 Kongo ilishinda: Ubelgiji iliambiwa imevunja sheria na iifute hati ile.

Wengi wetu tulifurahi siku ile, na nakiri nami nilikuwa miongoni mwao. Ubelgiji, ambayo mikono yake huko Kongo tunaijua, kumhukumu Mkongo? Lakini furaha ilitufanya tusiisome hukumu yote. Majaji walisema pia kwamba kinga si ruhusa ya kutenda jinai. Walitaja milango minne inayobaki wazi. Mkubwa anaweza kushitakiwa nchini mwake mwenyewe. Nchi yake inaweza kumvua kinga. Akiisha kuondoka madarakani, anaweza kushitakiwa nje kwa baadhi ya mambo. Na mahakama ya kimataifa yenye mamlaka inaweza kumshitaki hata akiwa bado kitini.

Ni mlango huo wa nne uliotuletea kizaazaa Afrika. Mwezi wa Machi 2009 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Rais Omar al-Bashir wa Sudan kwa yaliyotendeka Darfur. Sudan haikuwa mwanachama wa mahakama ile, lakini suala la Darfur lilikuwa limepelekwa huko na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 2005. Miezi minne baada ya hati kutolewa, Umoja wa Afrika uliamua kwamba wanachama wake wasishirikiane katika kumkamata.

Tarehe 27 Agosti 2010 Wakenya walikusanyika Uhuru Park, Nairobi, kushuhudia Rais Mwai Kibaki akitia saini Katiba mpya. Ilikuwa siku ya shangwe kubwa. Mara watu wakamwona Rais Bashir ameketi miongoni mwa wageni. Kenya ilikuwa mwanachama wa mahakama iliyomtafuta. Na Katiba ileile iliyokuwa ikitiwa saini inasema kwamba mikataba iliyoridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Wino haujakauka, na mtihani wa kwanza umekwisha keti jukwaani.

Mgeni yule alikula, akaaga, akaondoka. Wanasheria wa Kenya walikwenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2011 Jaji Nicholas Ombija wa Mahakama Kuu akaamuru kwamba Bashir akikanyaga tena Kenya, akamatwe. Sudan ikakasirika, ikamwamuru balozi wa Kenya afungashe. Waziri wa nchi za nje wa Kenya ikambidi aende Khartoum kutuliza mambo.

Juni 2015 ikawa zamu ya Afrika Kusini. Bashir alikwenda Johannesburg kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika. Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamuru asiondoke nchini hadi shauri lisikilizwe. Siku iliyofuata, wakati mawakili wa serikali wakiwa bado mahakamani, ndege yake iliruka kutoka uwanja wa jeshi la anga wa Waterkloof. Mwezi wa Machi 2016 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ilisema serikali ilivunja sheria kwa kutomkamata.

Sasa, ndugu msikilizaji, usiwe mwepesi wa kuhukumu. Wapo watu wenye busara wanaouliza: ukimkamata mgeni uliyemwalika mwenyewe, nani atakuja tena kwenye mwaliko wako? Hoja hii si ya kupuuza. Mwezi wa Juni 2003 Rais Charles Taylor wa Liberia alikwenda Accra kwenye mazungumzo ya amani. Akiwa palepale, mashitaka dhidi yake yakatangazwa na mahakama maalumu ya Sierra Leone. Ghana, iliyokuwa mwenyeji, haikumkamata. Ilimrudisha kwao. Wapo waliosema Ghana ililinda mchawi. Wapo waliosema kwamba kama ingemtia pingu mezani pa mazungumzo, hakuna kiongozi wa vita Afrika ambaye angekubali tena kuketi kwenye meza ya aina hiyo.

Nasi tunao mji ambao unatufundisha pande zote mbili za jambo hili. Mji huo ni Arusha. Arusha ndiko yalikotiwa saini mapatano ya Rwanda mwaka 1993 na ya Burundi mwaka 2000. Watu waliokuwa wakiuana msituni waliketi meza moja kwa sababu kila mmoja alijua kwamba atalala salama na kurudi salama. Bila ahadi ile ya usalama, hakuna ambaye angepanda ndege kuja. Lakini ni Arusha hiyohiyo ambako tarehe 4 Septemba 1998 Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya mwaka 1994, alihukumiwa kifungo cha maisha. Alikuwa mkuu wa kwanza wa serikali duniani kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Na alikamatwa wapi? Nairobi, mwaka 1997. Mji mmoja, meza ya mazungumzo na kizimba cha mahakama, na kimoja hakikukifukuza kingine.

Basi mimi ninasimama wapi? Nasema hivi. Mgeni aliyekuja kuzima moto, mwache afike na mwache arudi, hata kama mikono yake inanuka moshi. Hilo ndilo "mjumbe hauawi." Lakini sherehe si moto. Hakuna aliyelazimika kumwita mtu anayetafutwa kuja kula keki na kutazama gwaride. Mwaka 2012 Rais Joyce Banda wa Malawi aliambiwa kwamba mkutano wa Umoja wa Afrika uliokuwa ufanyike nchini mwake lazima umkaribishe Bashir. Akakataa, na mkutano ukahamishiwa Addis Ababa. Malawi, nchi maskini, ilipoteza wageni na mapato, lakini haikumvizia mgeni wala haikulikana neno lake. Kama umetia saini ya kumkamata mtu, jambo la kwanza la uungwana ni kutompa kadi ya mwaliko.

Tena nasema, koti la cheo lina siku ya kuvuliwa. Jenerali Pinochet wa Chile alidhani halina. Alipokwenda London kutibiwa mwaka 1998 akiwa mtawala mstaafu, alikamatwa kwa hati ya hakimu wa Hispania, na mwaka 1999 majaji wa Uingereza wakaamua kwamba mateso si kazi ya mkuu wa nchi, hivyo ustaafu haumfuniki. Ingawa aliachiliwa mwaka 2000 kwa sababu ya afya, na akafa mwaka 2006 bila kuhukumiwa, hakuna mtawala mstaafu aliyesafiri tena kwa usingizi uleule. Taylor naye alikamatwa mwaka 2006, na mwaka 2012 akahukumiwa miaka 50. Bashir aliangushwa mwezi wa Aprili 2019 na watu wake mwenyewe, na mwaka huohuo mahakama ya Khartoum ikamfunga kwa rushwa.

Ndiyo maana sifurahishwi na uamuzi wa viongozi wetu wa mwaka 2014 huko Malabo. Waliandika mpango wa kuipa mahakama ya Afrika uwezo wa kesi za jinai, jambo jema, kisha wakaweka kifungu cha kuwakinga marais walio madarakani. Mtu anayejua kwamba usalama wake uko kwenye kiti, usimtegemee akiache kiti kwa hiari. Na usiseme kwamba hii ni tabia ya Afrika pekee. Rais Putin wa Urusi alitolewa hati mwaka 2023, na mwaka 2024 akapokewa kwa heshima Mongolia, mwanachama wa mahakama ileile. Waziri Mkuu Netanyahu wa Israeli alitolewa hati Novemba 2024, na Aprili 2025 akapokewa Hungary. Wakubwa wa Ulaya waliotusimanga juu ya Nairobi na Johannesburg sasa nao wanatafuta maneno.

Nimalizie kwa yule mama wa mtaani kwetu. Baada ya mwezi mmoja alitoka hospitali akichechemea. Watu walimwambia, "Mama, sahau, wale wana kinga." Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyekataa. Alimwambia kwamba kinga humzuia hakimu, haifuti deni. Wakaandika barua, wakaambatanisha cheti cha daktari na namba ya taarifa ya polisi, wakaipeleka kwa wakuu wa serikali wanaohusika na mabalozi. Barua ikajibiwa, wakaambiwa wasubiri. Wakaandika ya pili. Mwezi wa tano akaja mtu wa bima. Fedha alizolipwa hazikutosha makovu yake, lakini zilitosha meza, mabenchi, masufuria na karai jipya.

Siku alipofungua tena kibanda, nilikunywa chai pale. Nikamwuliza kama angependa yule dereva afungwe. Akafikiri, akasema, "Mwanangu, afungwe ili nipate nini? Mimi nilitaka tu ajue kwamba hapa palikuwa na mtu."

Hilo tu, ndugu msikilizaji. Watu wa Darfur, Monrovia na Santiago nao, pamoja na mengine yote wanayodai, wanadai hilo: mwenye kinga ajue kwamba pale palikuwa na watu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.